Mashine Iliyoogopa Watu

Chicago, 1988

Jumatano, 6 Januari. Sikukuu ya Wafalme Watatu

Mietek amesema nikiendelea kuongea peke yangu pale kaunta atahamia baa nyingine. Basi bora niongee na karatasi.

Leo tumeipandisha mashine ya gololi, ule mchezo wa kurusha gololi ya chuma chini ya kioo, kutoka stoo ya chini. Mietek alishika miguu, mimi kichwa, tukapumzika kila ngazi tukitukanana. Yeye ameendesha gari la kusafisha theluji la manispaa karibu maisha yake yote, mgongo wake umekwisha, lakini alipoambiwa ni kwa ajili ya mke wangu Lucyna alivua koti bila kuuliza. Tumeiweka pale pale ilipokuwa zamani, chini ya ngazi inayopanda kwetu.

Tangu kiharusi kilipompiga mwezi wa Oktoba, mke wangu hajaikanyaga ngazi hiyo. Anakaa dirishani juu ya baa, mkono wa kulia umelala mapajani kana kwamba si wake. Daktari amesema mguu unaweza kumbeba, na mkono nao unaweza kurudi, ila miezi hii ya mwanzo ndiyo yenyewe. Asipojisukuma sasa utabaki hivyo. Nimembembeleza, nimemkasirikia, nimemwitia hata padre. Wapi! Mkesha wa mwaka mpya ndipo alipotoa sentensi yake ndefu ya kwanza, neno baada ya neno: "Nitashuka... siku nikisikia... kengele zake."

Kengele za mashine hii. Alipokuwa msichana, Lucyna alifanya kazi kiwandani, wanawake kwenye meza ndefu wakipanga nyaya za rangi juu ya ubao wa misumari na kuzifunga kwa uzi wa nta. Mji huu ulizitengeneza mashine hizi kwa dunia nzima, na wakati ule ulikuwa umepiga marufuku kuzicheza ndani ya mipaka yake. Hii yetu aliitambua kwa fundo lake mwenyewe ndani ya tumbo la nyaya, fundo la kurudia mara mbili.

Na lazima ipone kabla ya Jumatano ya Majivu. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alituachia sheria: Kwaresima hakuna muziki wala mchezo. Jioni ya Jumanne inazimwa, inafunikwa kitambaa cha zambarau mpaka Pasaka. Lucyna haivunji sheria hiyo hata umtishie bunduki.

Wiesia, mdogo wake Lucyna, ameshaniandikia mlango mzima herufi za Wafalme Watatu kwa chaki ya baraka. Huja kila asubuhi na sufuria ya supu mkono huu na lawama mkono huu.

"Shemeji, badala ya kumnunulia dada yangu kiti cha maana unamletea kikorokoro."

"Ameomba mwenyewe."

"Mgonjwa akiomba tembo utamletea tembo?"

Mwanamke huyu akiingia chumbani hewa inapungua.

Ijumaa, 8 Januari

Nimefungua. Vumbi, nyaya, na mahali pa fyuzi ya koili hapakuwa na fyuzi. Palikuwa na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, imesokotwa vizuri. Mlevi gani huyo aliyetaka mchezo mmoja zaidi, sitajua. Kila baa ya mtaa huu ilifanya hivyo: fyuzi ikiungua, wanaume wanavuta sigara, wanafunga karatasi, wanacheza. Mashine nyingi zimekufa kifo hicho.

Nikaweka fyuzi halali. Nikawasha. Paa! Ikakatika. Basi shoti ipo, na sasa kazi ni kuitafuta.

Jumamosi, 9 Januari

Theluji. Wateja wengi. Sikugusa kitu.

Jumanne, 12 Januari

Nimeipata. Kuna vile viduara vinavyoipiga gololi teke ikivigusa, sisi tunaviita uyoga. Swichi ya uyoga wa katikati ilipinda, ikawa imefunga muda wote, na koili yake, ule waya uliozungushwa unaoipa teke nguvu, ikavuta umeme bila kupumua. Nilipowasha kuhakikisha, moshi ukatoka kabla fyuzi haijakatika. Harufu kali, ikajaa baa nzima.

"Moto!" Wiesia akapiga yowe kule juu. "Moto! Zenon atatuchoma!"

Nikapanda mbio kumwambia hakuna moto, ni koili tu. Nikamkuta ameshamvisha Lucyna koti na kiatu kimoja, amemkumbatia kiunoni, anamvuta kuelekea mlangoni. Kikongwe cha kilo hamsini kinamvuta mwanamke aliyeumuka kama mkate! Nikacheka. Wiesia hakucheka. Alikuwa anatafuta kiatu cha pili.

"Lile dude lina shetani," akasema.

"Lina koili mbovu."

Nimepata koili nyingine kwa jamaa mmoja anayevunja mashine kuukuu kule upande wa magharibi. Hata bei hakutaka kuisikia, alitaka nimsikilize tu habari za mguu wake. Nilimsikiliza mguu wote, toka paja hadi ukucha. Mungu ambariki.

Ijumaa, 15 Januari

Imewaka! Taa zote za kioo cha nyuma, yule mwanamke aliyechorwa kwenye bembea na nyota zake. Nilisimama nikiangalia kama mjinga.

Kisha nikabonyeza kitufe cha kuanzia. Magurudumu ya namba yakaanza kurudi sifuri, mota ikazunguka, ikazunguka, haikusimama. Kila gurudumu likifika sifuri linapaswa kuiambia mota basi, nimefika. Moja halisemi.

Jumapili, 17 Januari

Baridi imepasua bomba la choo. Tulikwenda misa, tukarudi, tukateka maji.

Jumatano, 20 Januari

Gurudumu la mamia ndilo lililokuwa halisemi. Platini zake, vile vichwa vidogo vinavyogusana ili umeme upite, zilikuwa nyeusi kwa uchafu. Mietek alinipa msasa wa kusugulia gari. Nikamwambia akae nao. Msasa unaila platini yote, na ikishaliwa haioti tena. Nililowesha kadi ya biashara kwa spiriti, ile kali tunayotengenezea nalewka, pombe yetu ya matunda, nikaipitisha katikati ya platini polepole, mara kadhaa, ikatoka na weusi wote. Mietek akaomba anywe iliyobaki.

Asubuhi hii baa ikiwa tupu nimecheza mchezo mzima. Gololi imekwenda, uyoga umepiga teke, kengele zikalia, ile ya sauti nyembamba na ile nene. Juu nikasikia fimbo ya Lucyna ikigonga sakafu: ko! Mara moja. Nilikaa kwenye ngazi nikalia, sioni haya kuandika.

Nikapanda. "Umesikia?"

"Nimesikia." Akavuta pumzi. "Watu... wakiwepo. Nataka watu... wawepo."

Jioni wakaja watu. Nikabonyeza. Gololi ya kwanza, sawa. Ya pili, ikiwa njiani, taa za mchezo zikazimika, vibawa vya kuipigia gololi vikalegea, ikafa. Fimbo ya juu haikugonga.

Alhamisi, 21 Januari

Asubuhi peke yangu: inacheza. Jioni na watu: inakufa.

Ijumaa, 22 Januari

Hivyo hivyo.

Jumamosi, 23 Januari

Hivyo hivyo, mara tatu, mbele ya baa nzima.

"Mashine yako inaogopa watu," Mietek akasema.

"Inakuogopa wewe."

"Mimi mwenyewe najiogopa. Lakini angalia, Zenon, hata Staszek akitoka chooni tu, inakufa."

Wakacheka. Usiku sikulala kwa sababu ya hilo la Staszek, maana Staszek ni mnene sana.

Alhamisi, 28 Januari

Sakafu! Sakafu ya mbao, ya babu. Mtu mzito akipita, mashine nzima inatikisika kidogo. Kwa hiyo kuna mahali panapogusana kwa shida, mtikisiko mdogo unapaachanisha. Asubuhi nilianzisha mchezo nikawa nagonga kila rilei taratibu kwa mpini wa bisibisi. Rilei ni vile visumaku vinavyovuta vijiswichi vyake. Nikafika ile inayonguruma, inayobaki imevuta kuanzia mwanzo wa mchezo hadi mwisho. Ikiachia, mchezo umekufa. Nikaigusa kidogo tu. Taa zikazimika.

Nikamulika kwa tochi. Platini zake zimeota kutu ya kijani. Nimesafisha kwa spiriti, nimenyoosha kijibati kinachozibeba. Jioni Staszek alikwenda chooni na kurudi, nikamwomba arudie tena, mchezo ukaendelea hadi gololi ya mwisho. Watu wakapiga makofi.

Lucyna alisikia. Nimempandia: "Je, kesho?"

"Jumamosi," akasema. Akataka Wiesia amtengeneze nywele.

Jumamosi, 30 Januari

Wiesia alimsuka dada yake vizuri, akampaka poda, akamvalisha sweta ya bluu. Nikashuka kuwasha. Gololi ya kwanza ikafa njiani.

Nikapanda kumwambia. Lucyna alikuwa amesimama, kweli amesimama, mkono wa kushoto kwenye fremu ya mlango. Alipouona uso wangu akarudi kitini mwenyewe. Wiesia akaanza kuchomoa pini za nywele moja moja.

Jumapili, 31 Januari

Kijani tena. Pale pale nilipopasafisha.

Jumanne, 2 Februari

Nimesafisha jana. Leo kijani tena. Nimetafuta bomba linalovuja, nimepanda kiti kuangalia dari, hakuna tone. Rilei nyingine zote kavu, hii moja tu inaoza kama jino. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, najua, lakini koleo hili linavunjika kila siku na siku zenyewe zinakwisha.

Ubaoni chini ya ile rilei niliona chembe nyeupe. Nikazilamba.

Chumvi.

Mietek alikuwa ameketi pale na buti zake, zimekauka na mistari myeupe ya chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani. Mtu mwenyewe amemwaga chumvi katika mji huu miaka yote!

"Kuanzia leo vua buti mlangoni," nikamwambia.

"Nini?"

"Unaniulia mashine. Vua au toka."

Akavua, akakaa na soksi zake zilizotoboka vidole, akamaliza bia yake, akaondoka mapema. Nilijisikia vibaya lakini sikumfuata.

Ijumaa, 5 Februari. Mtakatifu Agatha

Kikulacho ki nguoni mwako.

Asubuhi nilikuwa stoo. Nilipopanda na kreti ya bia nikamkuta Wiesia ameinamia mashine. Kioo amekiegemeza ukutani, ubao wa kuchezea ameuinua na kuuwekea mti wake, vizuri kabisa, kama anavyoniona nikifanya. Mkono mmoja una chupa ya maji ya baraka. Mwingine una kijaluba cha chumvi. Midomo inacheza, anasali.

"Wiesia!"

Akaruka. Chumvi ikamwagika juu ya nyaya.

"Unafanya nini?"

"Leo ni Agatha," akasema, kana kwamba hilo linatosha. Na kwa watu wa kwetu linatosha. Chumvi iliyobarikiwa siku ya Agatha huilinda nyumba na moto. Mama yangu aliitia kwenye pembe nne za nyumba.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya moshi. Nilikuwa na ya mwaka jana. Leo nimeleta mpya."

"Na maji?"

"Maji ya Wafalme. Matone tu, shemeji. Pale panaponguruma. Nilijua moto ukitoka utatokea pale."

Mungu nisamehe nilivyosema. Nilimwambia mwezi mzima nimekuwa nafua kitambaa anachokipaka matope. Nikamwambia nimemfukuza rafiki yangu bure. Nikasema, kwa sauti iliyofika hadi barabarani: "Dada yako anaozea kule juu kwa sababu ya chumvi yako!"

Juu, fimbo ikagonga. Ko, ko, ko, ko. Sikujali.

Wiesia akafunga kijaluba. Akafunga kitambaa chake cha kichwa chini ya kidevu.

"Wewe ukiona moshi utakimbilia nje, Zenon," akasema. "Yeye hawezi kukimbia."

Akaondoka. Hajawahi kuniita jina usoni mwangu, mimi ni shemeji siku zote.

Jumamosi, 6 Februari

Hakuja.

Jumapili, 7 Februari

Hakuja. Nilimwona kanisani, akakaa upande wa pili. Supu nimeiunguza. Sijui supu ya kuku inaunguaje, lakini imeungua.

Jumatatu, 8 Februari

Leo nimefunga baa nikamhudumia mke wangu mwenyewe toka asubuhi. Nilidhani najua. Sikujua chochote.

Sikujua kwamba taulo hupashwa moto kwenye bomba la joto kabla ya kumfuta, la sivyo anatetemeka mpaka mchana. Sikujua kwamba chai inatiwa unga kidogo iwe nzito, ili asipaliwe. Nilipomaliza kumvisha, kwa tabu, vifungo vimepishana, Lucyna akanisogezea mkono ule wa kulia akausubirisha mapajani pangu.

"Nini?"

"Mafuta," akasema. "Kisha... kimoja kimoja."

Kumbe kila asubuhi, nilipokuwa chini napiga soga, Wiesia alikuwa anaupaka mkono huo mafuta na kuvikunja vidole, kimoja kimoja, na kuvikunjua, akimhadithia umbea wa mtaa mzima. Ndiyo maana havijakakamaa. Daktari alishangaa mwezi uliopita, nami nikadhani ni dawa zake.

Nikavikunja. Nilikuwa nakosea, Lucyna akawa ananirekebisha kwa nyusi. Kisha akasema, na ilimchukua muda mrefu:

"Siku ya moshi... alinishika. Akasema... tutashuka pamoja... au tutaungua pamoja."

Nami nilicheka siku ile. Nilicheka!

Nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza, kwa nini kengele, kwa nini asishuke tu. Akagusa upande wa mdomo wake ulioteremka.

"Watatazama mdomo. Mashine ikilia... watatazama mashine."

Miaka yote ya ndoa yetu, na sikuwa nimeliona hilo. Nilimbusu pale pale mdomoni, upande ule.

Jumanne, 9 Februari

Nimekwenda kwa Wiesia. Akafungua mlango kwa mnyororo, jicho moja tu likaonekana.

"Nimekuja kuomba msamaha," nikasema. "Na supu."

"Supu ipo. Msamaha ngoja kwanza ule."

Nikala sahani mbili. Alinitazama nikila mpaka mwisho, kisha akasema, "Haya, sema." Nikasema yote. Nikasema hasira hasara, na hasara yangu ilikuwa yeye. Nikamwambia kuhusu vidole, kwamba ahsante ni neno dogo, sina kubwa zaidi. Akalia, nami nikalia, paka wake akatoka chumbani kwa kutuchoka.

"Lakini moto je, shemeji?" akauliza akijifuta.

Tumekubaliana. Fyuzi ni zangu. Chumvi ya Agatha itakaa kwenye kifuko cha kitambaa, nje, chini ya tumbo la mashine, ikiwa kavu, imepigiliwa msumari. Hata mimi nitalala vizuri zaidi, nikisema kweli.

Nikapita kwa Mietek. Nilimpelekea soksi mpya za sufu. Akazivaa pale pale mlangoni, akainua mguu. "Umeniita muuaji, sasa nina miguu ya askofu. Niite tena wiki ijayo, nahitaji kofia."

Alhamisi, 11 Februari

Chumvi imeila platini. Nikisafisha hakuna cha kusafisha tena. Rilei ya namna hii haipatikani, lazima platini zitolewe kwenye rilei iliyokufa na kutiwa lehemu kwenye hii, kitu kidogo kama punje ya mtama. Mikono yangu ya kumimina bia haiwezi. Nimejaribu, nimechoma kidole na meza.

Nikaichomoa rilei nzima, nikaiweka kwenye sinia pamoja na platini za rilei iliyokufa na chuma cha lehemu, nikapanda. Nikaiweka mbele ya Lucyna, Wiesia ameketi kando yake.

Aliiangalia sana. Kisha akaunyoosha mkono wa kushoto akashika chuma. Alikuwa mtu wa mkono wa kulia maisha yake yote.

"Wiesia," akasema. "Shika."

Wiesia akakishika kijibati kwa koleo la nyusi, mahali ambapo mkono wa kulia wa dada yake ungekishika. "Juu," Lucyna akasema. "Chini. Hapo. Usi... pumue."

Moshi mwembamba wa lehemu ukapanda. Wiesia, mwoga wa moto kuliko wote niwajuao, alifumba macho, lakini mkono haukutikisika. Tone likameta, likaganda. Lucyna akalipuliza kwa upande wa mdomo unaopuliza.

"Kiwandani... ningefukuzwa," akasema, akiikagua. Akacheka! Kicheko kilichopinda, lakini ni chake. Sijakisikia tangu Oktoba. Nashukuru, nashukuru, sijui niandike nini kingine.

Jumamosi, 13 Februari

Imerudi mahali pake. Mietek ameruka sakafuni kando yake kwa buti, kwa mamlaka kamili niliyompa. Glasi mbili zimeanguka. Mashine haikuzimika.

Jumapili, 14 Februari

Platini safi. Hakuna kijani.

Jumatatu, 15 Februari

Safi. Wiesia ameniomba tochi aangalie mwenyewe. "Safi," akasema, kama fundi.

Jumanne, 16 Februari

Leo watu wetu wanakula kana kwamba kesho hakuna chakula. Wiesia alikaanga pączki, yale maandazi manene ya jemu ya plamu, sinia baada ya sinia, baa yote ikanukia sukari na mafuta. Kufika saa kumi na moja jioni watu walishajaa mpaka mlangoni.

Nikapanda juu ya kreti. "Sikilizeni. Lucyna anashuka."

Kelele ikaanza, nikainua mkono.

"Anashuka kwa sharti moja. Macho yenu yote kwenye mashine. Atakayegeuza shingo kutazama ngazi, hanywi kwangu mpaka Pasaka ya mwakani."

"Na asisogeze mguu mtu!" Mietek akadakia. "Wewe Staszek, hata kupumua pumua kwa zamu!"

Nikabonyeza kitufe. Magurudumu yakarudi sifuri, mota ikasimama panapostahili. Nikaachia gololi ya majaribio. Uyoga ukapiga teke, kengele nyembamba, kengele nene. Juu, mlango ukafunguka.

Nimekuwa na baa hii zaidi ya nusu ya maisha yangu, sijawahi kuisikia ikinyamaza namna ile. Wanaume wa viwanda na wa malori, pączki mkononi, jemu ikiwadondokea vidoleni, wote wameutazama ule mchoro wa mwanamke kwenye bembea kama wako mbele ya altare. Nyuma yao ngazi ikalia. Hatua, fimbo, kimya. Hatua, fimbo, kimya. Wiesia alishuka mbele yake kinyumenyume, mikono ameitanua. Mietek alikuwa analia waziwazi, machozi yanaingia masharubuni, na shingo hakuigeuza.

Wakampisha bila kumtazama. Akafika. Akaweka mkono wa kushoto kwenye kitufe cha kushoto. Wa kulia ulining'inia. Ukicheza mashine hii kwa kibawa kimoja, gololi inapita upande wa pili, mchezo umekwisha kabla hujaanza.

"Wiesia," akasema.

"Mimi? Sijawahi."

"Simama hapa. Nikisema sasa... sasa."

Wakasimama bega kwa bega, dada na mdogo wake, mmoja upande huu, mwingine upande huu. Lucyna akaachia gololi. "Sasa!" Wiesia akachelewa. "Sasa!" Akawahi. "Sasa, we mjinga, sasa!" Neno hilo lilimtoka lote, zima, bila kukatika, baa yote ikaangua kicheko, na Wiesia akapiga kelele, "Nisubiri basi!" na kengele zikalia mpaka sikuzitofautisha tena.

Hapo ndipo watu walipogeuka wakamtazama. Aliwatazama na yeye. Alisahau mdomo wake, au alichoka kuuficha, sijui. Kisha Staszek akampa andazi, akalila kwa mkono wa kushoto, sukari ikamjaa kidevuni pande zote mbili sawasawa.

Kabla ya usiku kuingia alizima mashine mwenyewe. Sheria ni sheria. Wiesia akaleta kitambaa cha zambarau, wakakitandika pamoja.

Jumatano, 17 Februari. Jumatano ya Majivu

Tumetoka kanisani na majivu vichwani. Lucyna alitembea, fimbo upande mmoja, Wiesia upande mwingine, mimi nyuma nikiwabebea mikoba. Theluji inayeyuka kando ya barabara.

Baa leo ni kimya, samaki wa chumvi na mkate mweusi, redio imezimwa. Nilikwenda stoo kuleta viazi. Niliporudi, Lucyna hakuwa kitini. Alikuwa amesimama mbele ya mashine, peke yake, na kile kitambaa kimetuna upande wa kulia. Ameingiza mkono wake wa kulia chini yake. Plagi iko nje ya ukuta, nilihakikisha, hakuna umeme wala taa wala sauti.

Nikasogea. Chini ya kitambaa, pale penye kitufe, niliona kidole kikijisukuma, kikikwama, kikijisukuma tena.

"Lucyna, unafanya nini? Ni Kwaresima."

Hakugeuka.

"Sichezi," akasema. "Najifunza. Pasaka... nitamwambia Wiesia apumzike."